Gaju Alipelekwa Wapi?

Kila siku baada ya shule, Vumilia alitoka nyumbani kwao Musinzira, mjini Gitega, akaenda mtaa wa Magarama kumsaidia baba yake dukani. Duka lenyewe halikuwa kubwa. Kulikuwa na sabuni, chumvi, mafuta ya mawese kwenye madumu, vocha za simu, na mizani moja ya zamani ambayo wateja hawakuiamini hata siku moja. Manase, baba yake, alikuwa amezoea kutazamwa mikono kila alipopima sukari. Alimwambia binti yake kwamba mteja akikutazama mkono usikasirike, mpe tu kitu chake kikiwa kamili.

Vumilia alikuwa na miaka kumi na miwili. Alipenda kukaa dukani kwa sababu habari zote za mtaa zilipita pale kabla ya kufika kwingine. Lakini wiki hiyo habari hazikuwa za mtaa. Zilikuwa za kwao.

Simu ya baba ililia wakati Vumilia anapanga sabuni. Aliyepiga ni baba mdogo Melkiori, anayefanya kazi mpakani Kobero, ambako malori ya kutoka Tanzania hungoja forodha. Kazi yake ilikuwa kuwatafutia madereva wapakuaji, pamoja na mambo mengine ambayo familia haikuyaelewa vizuri. Alikuwa na sauti ya kusikika hata kama simu iko kwenye sikio la mtu mwingine.

"Kaka, Jumamosi hii tusitoke kule kilimani bila jibu," alisema. "Dada yetu amemuuza ndama wa Mzee. Kikulacho ki nguoni mwako."

Manase alimtazama mteja aliyekuwa mbele yake, akageuka kuelekea ukutani, akajibu kwa sauti ya chini kwamba mambo hayo hayasemwi kwenye simu. Melkiori akasema sawa, ila akumbuke kwamba shahidi wanaye. Shahidi ni binti yake.

Vumilia alibaki ameshika kipande kimoja cha sabuni, asijue akiweke wapi.

Mambo yalikuwa hivi. Babu Urbano alifariki mwezi wa pili, kwenye kilima chake huko Muyinga. Jumamosi hiyo, mwezi wa saba, ilikuwa siku ya kuganduka, yaani siku ya kuondoa msiba. Siku hiyo familia hukaa na majirani, husali, hula na kunywa pamoja, kisha husema mbele ya watu wote marehemu ameacha nini, nani atachukua nini, na kama kuna jambo alilokuwa hajalimaliza na mtu. Kabla ya siku hiyo hakuna anayegawa hata jembe. Babu aliacha nyumba, shamba la migomba na kahawa, na ng'ombe mmoja. Ndama wa ng'ombe huyo ndiye aliyekuwa haonekani.

Nyumbani kwa Babu aliishi shangazi Theodosia, binti yake wa pekee. Alifiwa na mume, akarudi kwao, na yeye ndiye aliyemwogesha na kumlisha Babu miezi yote ya ugonjwa. Kwa desturi ya kilima kile, shamba huchukuliwa na watoto wa kiume, na binti hupata kile ambacho kaka zake wamekubali. Melkiori alishasema msimamo wake. Binti aliyekula ng'ombe wa baba yake ameshachukua fungu lake. Aondoke kwenye nyumba, shamba liuzwe, kila mtu ashike njia yake. Manase hakuwa amekubali, ila hakuwa amekataa pia, na mtu wa namna hiyo kwenye ugomvi wa mali huhesabiwa upande wa anayepiga kelele.

Sasa ukweli wenyewe, neno hilo la kuuzwa ndama lilitoka kinywani mwa Vumilia.

Likizo ya Krismasi alikuwa kwa Babu. Ndama alikuwa jike, mwekundu kahawia, rangi ambayo watu wa kule huiita gaju, na jina likabaki hilo hilo. Vumilia alimkatia majani asubuhi na jioni. Babu, akiwa amelala kwenye mkeka wake karibu na mlango, alikuwa akimuuliza kama ndama wake amekula. Mtoto akiambiwa "ndama wako" mara nyingi hivyo, mwisho anaamini.

Asubuhi moja, ukungu ukiwa bado bondeni, Vumilia alitoka nje kupiga mswaki akamwona shangazi yuko barabarani. Alikuwa amevaa kitenge chake cha Jumapili, na alimvuta Gaju kwa kamba. Barabara ile ndiyo iendayo Kobero. Mchana shangazi alirudi na kamba tu mkononi. Vumilia alipomuuliza Gaju yuko wapi, alijibiwa kwamba hayo ni mambo ya wakubwa, aende akachote maji. Shangazi Theodosia hakuwa mtu wa maneno matamu. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania kama ndugu zake wote, na alizoea kwamba anayeongea sana hukosa nafasi kwenye foleni.

Vumilia alilia nyuma ya zizi. Aliporudi Gitega alimwambia baba yake kwamba shangazi amemuuza Gaju Kobero. Hakuwa amefika Kobero, hakuwa amemwona mnunuzi, ila maneno yalimtoka hivyo kwa sababu ya uchungu. Baba akamwambia Melkiori. Melkiori akamwambia mkewe. Babu alipozikwa, habari ilikuwa imeshapata mnunuzi Mtanzania mwenye kofia, pamoja na rangi ya lori lake.

Siku moja kabla ya safari, Vumilia alimsimulia rafiki yake Merveille jambo lote. Mama yake Merveille alitoka Kivu na aliuza vitenge duka la tatu kutoka kwa Manase, na Merveille mwenyewe alikuwa msichana wa kuuliza maswali mpaka mtu achoke.

"We uliona na macho yako akiuza?" aliuliza.

"Nilimwona akimpeleka."

"Mi sijauliza ivo. Kuuza, uliona?"

Vumilia alikasirika, akamwambia kwamba yeye hajui mambo ya kwao. Merveille alikunja kitenge, akaweka kingine juu yake.

"Sawa, mi sijui. Lakini ata mama akinipeleka soko, si kusema ameniuza."

Vumilia alinuna, akaondoka bila kuaga. Hata hivyo swali lile lilimfuata hadi nyumbani, na asubuhi lilipanda naye basi. Walipita Karuzi, mama yake akisinzia na baba akitazama nje, na Vumilia akajaribu kukumbuka uso wa yule mnunuzi mwenye kofia. Haukuja uso wowote. Ilikuja kofia tu, na hiyo kofia ni Melkiori aliyeisema.

Walifika kwa Babu Ijumaa mchana. Shangazi Theodosia alitoka jikoni, mikono ina unga, akawapokea kwa heshima, akamshika Vumilia kichwa kidogo akasema amerefuka. Melkiori alikuwa amefika mapema na mkewe Raissa na binti yao mdogo Pili. Alikuja na kufuli jipya, na alikuwa ameshafunga stoo ya kahawa, ufunguo akauning'iniza shingoni.

Nyumba ile siku hiyo ilikuwa ngumu kukaa. Mtu akiingia sebuleni, waliokuwemo wananyamaza. Raissa alizunguka jikoni akiinua vifuniko na kuuliza sufuria ile kubwa ya Mzee imekwenda wapi, na sufuria ilikuwa mekoni, inachemsha maharage yake. Melkiori alipima shamba kwa miguu kutoka mgomba hadi mgomba. Hata baba yake Vumilia, mtu ambaye dukani hakuwakasirikia wateja kwa kumtazama mikono, alikaa akimtazama dada yake mikono. Vumilia aliliona hilo na likamsumbua.

Ilikuja kujulikana kwamba Melkiori, kwa haraka yake, alikuwa amefungia chumvi ndani ya stoo. Shangazi alilitazama kufuli. Alichukua kikombe akaenda kuomba chumvi kwa jirani, akarudi, akaendelea kupika chakula cha wale wale waliomfungia mlango.

Kwenye msumari kando ya mlango, mahali ambapo kila aingiaye angeona, ilining'inia kamba ya Gaju. Vumilia aliitambua kwa fundo lake. Alisema kwamba mwizi angeificha kamba. Baba mdogo aliposikia hivyo alicheka, akasema huko ndiko kukosa haya.

Jioni Melkiori alimwita Vumilia zizini. Ng'ombe wa Babu alikuwa anatafuna polepole, peke yake. Baba mdogo aliongea kwa upole safari hii, na upole wake ulimtia Vumilia wasiwasi kuliko kelele zake.

"Kesho utaulizwa mbele ya watu. Useme ulimwona shangazi akipokea hela kwa mtu wa lori."

"Lakini baba mdogo, mimi sikumwona mtu wa lori."

"Ulimwona anaondoka na ndama?"

"Ndiyo."

"Akarudi bila ndama?"

"Ndiyo."

"Basi katikati kulikuwa na nini? Ndama hakupaa mbinguni. Wewe una mwanzo na una mwisho. Kusema katikati si uongo, mwanangu, ni kumalizia tu. Na lisemwalo lipo."

Akamwahidi kwamba mambo yakiisha vizuri atamnunulia ndama mwingine, mzuri kuliko Gaju. Vumilia alitikisa kichwa kukubali, kwa sababu mbele ya mtu mzima aliyekuinamia hivyo ni rahisi kukubali kuliko kukataa.

Alipopita jikoni, shangazi alimpa kiazi kitamu cha moto alichokuwa amekifukia kwenye majivu, kama alivyokuwa akifanya wakati wa Krismasi. Vumilia alikishika kikamchoma vidole. Swali lilikuwa mdomoni kabisa. Shangazi, Gaju ulimpeleka wapi? Lakini aliogopa jibu, na aliogopa zaidi kutumwa tena kuchota maji, basi akala kiazi, akashukuru, akaenda kulala.

Jumamosi baada ya misa, watu walijaa uani. Kulikuwa na mitungi ya pombe ya mtama na mirija yake, ndizi, wali, na soda kwa watoto. Majirani walikaa upande mmoja, familia upande mwingine. Mbele ya majirani alikaa Mzee Kastori, mwenye shamba linalopakana na la Babu, ambaye nyumba yake iko mbele kidogo kwenye barabara ile ya Kobero. Alikuja na mtungi wake, akauweka chini, akangoja. Melkiori hakumsalimia. Familia ilipokimbilia Tanzania zamani, baba yake Kastori ndiye aliyelima shamba lao miaka yote ile, na ingawa walirudishiwa shamba, Melkiori hakuacha kumwita mtu yule jina la mlaji wa mali za watu.

Aliyeongoza mazungumzo ni Mama Apolline, mushingantahe wa kilima, yaani mmoja wa wale ambao watu wamewaamini kusuluhisha kesi zao kabla hazijafika mahakamani. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi, aliyewahi kufanya biashara ya samaki wakavu, na alijua Kirundi cha wazee na Kiswahili cha sokoni vilevile. Alieleza utaratibu. Familia itasema kwanza, imalize. Majirani watasema baadaye. Hakuna mgeni wa kuingilia maneno ya familia.

Melkiori hakungoja kusukumwa. Alisimama akasema kwamba kabla ya kugawa kilichopo, lazima kijulikane kilicholiwa. Alisema juu ya ndama, juu ya Kobero, juu ya lori. Alisema nyumba na shamba viuzwe, na dada yake asipewe kitu. Majirani walianza kunong'ona. Manase alitazama ardhi. Shangazi Theodosia alikuwa amesimama mlangoni pa jiko na mwiko mkononi, na hakusogea.

"Shahidi ni huyu mtoto," Melkiori alimaliza. "Vumilia, njoo hapa."

Vumilia alikwenda katikati ya uwanja. Mama Apolline alimvuta karibu na kiti chake.

"Mtoto, we usiogope watu. Uliona nini?"

Maneno yote ya jana yalikuwa tayari kichwani, mtu wa lori, kofia, hela. Alimtazama baba mdogo aliyekuwa akimtikisia kichwa amalize. Kisha akamtazama shangazi. Shangazi hakumwomba kitu kwa macho. Alimtazama tu, kama mtu anavyomtazama mtoto anayevuka mto juu ya gogo, ambaye huwezi kumshika tena.

"Nilimwona shangazi anampeleka Gaju barabarani, asubuhi," alisema Vumilia. "Mchana akarudi na kamba."

"Kisha?"

"Basi."

"Sema na la mtu wa lori," alisema Melkiori.

"Hilo sikuliona, baba mdogo. Hilo uliniambia wewe jana." Neno la kwanza lilikuwa limeshatoka, na la pili lilikuwa gumu zaidi. "Na la kuuza pia sikuliona. Hilo nililiongeza mimi. Nilimwambia baba shangazi ameuza, na sikuona."

Mtu mmoja alikohoa juu ya mrija wake. Vumilia alianza kulia palepale mbele ya watu wote, na Mama Apolline akampa ncha ya kitenge chake ajifute. Halafu akamgeukia Theodosia, akamuuliza swali ambalo lilikuwa jepesi kuliko yote.

"Na wewe, mama, ndama ulimpeleka wapi?"

Shangazi aliweka mwiko juu ya mtungi.

"Asante," alisema. "Tangu mwezi wa pili nangoja mtu aniulize. Mmewauliza wachuuzi wa Kobero. Mmewauliza majirani. Mmemuuliza mtoto. Mimi niko hapa jikoni, mnakula chakula changu, hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

Manase aliinua macho kutoka ardhini. Shangazi akaendelea, bila haraka.

Alisema ng'ombe yule ambaye kaka zake walidhani Mzee alimnunua aliporudi kutoka Tanzania, hakununuliwa. Alitolewa na Kastori. Kastori alirudisha shamba lote, bila kesi, kisha akaleta ng'ombe jike ili majirani wawili wasiishi wakichunguliana juu ya ua. Na ng'ombe wa kupewa, kwenye kilima hiki, ana desturi yake. Anapozaa jike, aliyepewa humrudishia ndama mmoja yule aliyempa. Huko ndiko kwitura. Si kulipa, kwa sababu zawadi hailipwi. Ni kusema kwamba wema wako nimeuona na sijausahau. Asiyefanya hivyo, hata akifa, jina lake hutajwa vibaya. Wao watoto walikulia kambini, ambako hakuna aliyekuwa na ng'ombe wa kumpa mtu, wakarudi wakaenda moja kwa moja mjini na mpakani. Hawakulijua hilo. Yeye mwenyewe alilijua kwa sababu alikaa na Mzee.

"Baba alipoona hawezi kusimama tena, alinituma nimpeleke Gaju. Akaniambia nivae vizuri, maana ndama wa namna hiyo hapelekwi na mtu aliyevaa nguo za shambani. Akasema nimwachie yeye mwenyewe awaambie, siku mtakapokuja wote wawili kukaa naye." Aliwatazama kaka zake. "Hamkuja wote wawili. Mlikuja kuzika."

Hapo familia ilikuwa imemaliza, na kwa hiyo zamu ya majirani ilikuwa imefika. Mzee Kastori aliinuka taratibu, akashika fimbo yake. Alizungumza Kirundi, na Mama Apolline akawatafsiria watoto wa Gitega waliokuwa hawafuati vizuri. Alisema ndama alimpokea kwa mikono miwili, akanywa na Theodosia glasi moja, na tangu siku ile alikuwa akingoja siku ya leo kuwashukuru watoto wa Urbano mbele ya watu, kwa kuwa desturi haimruhusu kusema kabla yao. Alisikia watu wakisema juu ya lori. Alidhani ni ndama mwingine. Watu wengine walicheka, na yeye pia akacheka, ila macho yake yalikuwa na machozi.

Mama Apolline akasema maneno machache tu. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kikapu ukavune. Akawauliza Manase na Melkiori kama watu waende zao kulima, wao wapatane, au wanataka kuendelea kusikilizwa na uwanja mzima wakigombana.

Manase alisimama. Aliomba radhi kwa dada yake, akiwa amevua kofia. Kisha akasema, mbele ya wote ili lisije likageuzwa baadaye, kwamba nyumba ya Mzee ni ya Theodosia, na migomba kutoka nyumba hadi kwenye njia ni yake, na ng'ombe atabaki kwenye zizi lake. Sehemu ya kahawa watavuna pamoja. Shamba haliuzwi. Macho yakamgeukia Melkiori. Mwisho alivua ule ufunguo shingoni, akaenda mwenyewe kufungua stoo, akatoka na mfuko wa chumvi, akampelekea dada yake jikoni. Alisema samahani kwa sauti ndogo ambayo watu hawakujua kama anayo. Shangazi alipokea chumvi, akamwambia aende akale, chakula kinapoa.

Jumapili asubuhi shangazi alimchukua Vumilia hadi kwa Mzee Kastori. Gaju alikuwa amekuwa mkubwa, shingo imejaa, na alifungwa kando ya ndama wengine. Vumilia alimwita kwa jina. Gaju alinyoosha pua, akanusa mkono wake, kisha akarudi kwenye majani yake kama mtu aliyeshughulika. Vumilia aliumia kidogo, akacheka kidogo.

"Hakuwa wangu, shangazi?"

"Hakuwa wako. Alikuwa wa urafiki wa Babu yako." Shangazi aliegemea ua. "Nilikosa na mimi. Uliponiuliza ningekujibu, badala ya kukutuma maji. Na kaka zangu waliponuna ningewaambia hata bila kuulizwa. Kiburi kilinikaba. Lakini wewe, Vumilia, shika hili. Jicho lako likiona jambo, sema hilo jambo. Pale ambapo hukuona, usipajaze na hasira yako, wala na maneno ya mtu mwingine. Paache wazi, uulize mwenyewe mhusika. Nusura nyumba yangu iondoke kwa sababu ya sehemu ambayo hakuna aliyeiona."

Vumilia aliomba msamaha, na shangazi akasema ameshamsamehe tangu jana, pale pale uwanjani. Wakarudi nyumbani polepole.

Walipofika jikoni, shangazi aliinua kitambaa juu ya sahani ya ndizi mbivu alizokuwa amewawekea wasafiri kwa ajili ya njiani. Sahani ilikuwa na maganda matupu. Nje, Pili, binti mdogo wa Melkiori, alikuwa anaruka kamba na mdomo umejaa.

"Vumilia, kabla hatujatoka ulikuwa hapa jikoni. Nani amekula ndizi zangu?"

Vumilia alifungua mdomo, akaufunga. Alitazama maganda, akamtazama Pili, akafikiri.

"Nilimwona Pili anaingia hapa wakati tunaondoka, shangazi. Kula sikumwona," alisema. "Ngoja nikamuulize."